Mama Aliyehamishiwa Kwenye Sinema

Mgahawani kwangu hakuna siki. Wateja wa hapa Babati wameshazoea, ingawa wapo madereva wa malori wanaopita kwenda Singida ambao bado huuliza, tena kwa sauti, hizi chipsi gani zisizo na siki. Huwajibu kwamba malimao yapo, na ni ya bure, na mwenye kutaka siki akaitafute huko mbele ya safari. Nina ulimi, najua. Binti yangu Glory husema ipo siku ulimi huu utanifungia biashara. Lakini siki siiwezi. Chupa yake ikifunguliwa hata meza ya mbali, najikuta nimerudi kwenye kitanda changu cha utotoni kule Maisaka, na chini ya kitanda upo mkebe wa bati, na ndani ya mkebe yumo mama yangu, anaharibika.

Mama alikufa kabla sijaanza shule. Sura yake siikumbuki. Nakumbuka miguu mingi uani kwetu, sufuria kubwa za jirani, na kwamba hakuna mtu aliyenikataza kula sukari siku hizo. Picha yake ilikuwepo moja tu, ya siku ya harusi, na alikuwa akiifunga katikati ya kanga zake ili isipate vumbi. Matanga yalipoanuliwa nguo za marehemu ziligawiwa kwa ndugu kama desturi ilivyo, na kanga iliyokuwa na picha ikaenda na mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa akiishi Mirerani kwenye machimbo na mumewe. Picha ilipokuja kuulizwa, mama mkubwa alisema hakuona picha yoyote. Labda ilidondoka njiani. Tangu hapo nyumbani kwetu tulibaki watatu: baba, mimi, na bibi mzaa baba, aliyeletwa kutoka Mbulu kuja kunilea, mwanamke mwenye mikono mizito na Kiswahili cha kuungaunga.

Baba alikuwa Bwana Afya. Hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini, hata padri alimwita hivyo. Alikuwa na baiskeli ya serikali na kazi ya kuzunguka vijijini akiwasihi watu wachimbe vyoo, wachemshe maji, waache kuoga ziwani kwa sababu ya kichocho. Ilikuwa kazi ngumu. Ukimwambia mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Babati kwamba maji yale yana mdudu asiyeonekana, anakuangalia kwa huruma, kisha anakujulisha kwamba mdudu wa ziwa lile ni kiboko, naye anaonekana vizuri sana.

Kwa hiyo baba alikuwa na mashine ya sinema. Ilikuwa nzito, ya rangi ya majani makavu, imeachwa na wakubwa wa zamani pamoja na mkebe mmoja wa filamu. Jumapili moja ya kila mwezi, baada ya ibada, jenereta lilivutwa hadi kwenye ukumbi wa shule, na akina mama wakaja na mablanketi ya kuziba madirisha. Kila mmoja alijua dirisha lake. Mchana kweupe ukumbi ule uligeuka giza zito lenye harufu ya moshi, maziwa ya mgando na jasho la watu waliovaa nguo za kanisani. Kisha shuka jeupe ukutani likawaka, na watu wakatembea juu yake.

Walitembea kimya. Spika ya mashine ilikuwa imekufa zamani na hakukuwa na wa kuitengeneza, hivyo baba alisimama pembeni na kipaza sauti cha mkononi akaisema filamu yeye mwenyewe. Na hapo ndipo alipokuwa fundi. Mwanzoni, nasikia, alijaribu kueleza kama ilivyo, kwamba hawa ni watu wa mbali wanaofundishwa kutunza kisima, na watu wa Babati wakapiga miayo. Wale si wa kwetu, walisema, maji yao ni maji yao. Baba akabadili. Jumapili iliyofuata kila aliyetokea kwenye shuka alipewa makazi.

"Mnamwona huyu baba mnene anayechimba choo? Huyu ni wa Sigino. Amechoka kuugua. Na yule anayecheka watu wanaochimba ni wa Singe, ngoja mwone litakalompata."

Ukumbi ulilipuka. Watu wa Singe walipiga kelele kumtetea mtu wao, watu wa Sigino wakajibu. Wafugaji wa uwanda wa Hanang waliokuja kwa ajili ya mnada walisimama nyuma wakiegemea fimbo zao, na ng'ombe alipokatiza kwenye picha mmoja wao alikuwa akipaza sauti, "Yule dume ni wangu! Bwana Afya, nani alikupa ruhusa ya kumpiga picha?" Filamu ni ile ile kila mwezi na utani ni ule ule, na hakuna aliyeuchoka. Vyoo, nasikia, vilichimbwa kweli Singe mwaka ule, kwa aibu ya yule mjinga wa kwenye shuka.

Wakubwa wote walijua kuwa ni mchezo. Mimi sikuwa mkubwa.

Karibu na mwisho wa filamu alitokea mwanamke. Alikuja kutoka kisimani na ndoo kichwani, akaitua, akaifunika kwa sahani safi, akajifuta jasho usoni, kisha akachota maji kwa kikombe na kumnywesha mtoto. Halafu akainua macho, akatutazama moja kwa moja, akacheka. Alikuwa na meno mazuri. Ninavyokumbuka, ilikuwa Jumapili yangu ya kwanza kupelekwa ukumbini baada ya msiba, nimekaa mbele kabisa kwenye mkeka, na sauti ya baba ikatoka kwenye kipaza sauti, si ya utani tena.

"Huyu ni Mama Veronika. Mnaona alivyoifunika ndoo yake."

Veronika ni mimi.

Sikulia wala sikushangaa. Baba za watoto wengi mtaani kwetu walikuwa watumishi wa serikali, na kila mwaka familia moja au mbili zilipakia magodoro kwenye lori kwa sababu mtu amepata uhamisho. Nikaelewa. Mama amehamishwa kikazi. Alikuwa Maisaka, sasa amepelekwa kwenye sinema, kufundisha watu kufunika ndoo. Kwamba huko hakuna rangi, kila kitu kina weusi na weupe na kijivu, ilinipa shida kidogo, lakini nilidhani ndivyo mtu anavyokuwa akifa, rangi inabaki kwa waliobaki. Kilichonisumbua hasa ni kwamba alimnywesha maji mtoto mwingine. Huyo mtoto nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Tangu siku hiyo ukumbi mzima ulinitunzia jambo langu. Mwanamke yule alipokaribia kutokea, utani ulikoma wenyewe. Mama Elinami, jirani yetu mwenye sauti kubwa kuliko jenereta, alinigusa bega na kunong'ona, "Vero, mama yako anakuja, kaa vizuri." Nami nilikaa vizuri, nikavuta gauni langu magotini, maana sikutaka anione nimekaa ovyo. Hata wafugaji kule nyuma walinyamaza. Leo nikikumbuka ukimya ule, watu wazima mamia wakimlindia mtoto mmoja uongo, sijui kama nataka kuwashukuru au kuwarushia sufuria.

Sasa niseme habari ya mkono. Mimi nilizaliwa wa kushoto. Kijiko, kijiti cha kuchorea mchangani, jiwe la kumrushia kuku, vyote vilienda kushoto vyenyewe. Kila nyumba huku kwetu inajua kwamba mkono huo haupokei, hauli, hausalimii, lakini bibi hakuwa na kiasi katika jambo hilo. Wakati wa kula aliufunga kwa kipande cha kanga nyuma ya mgongo wangu.

"Mkono hii hapana," alisema akikaza fundo. "Mkono hii ilishatutosha kwa nyumba hii."

Sikujua mkono wangu ulikuwa umeifanyia nini nyumba. Nilidhani labda ndio ulioleta msiba. Nilikuwa mbishi, na usiku nilipofunguliwa niliutumia kwa siri, kukuna ukuta, kushika pua, basi tu uwe umefanya kitu. Baba hakuyaona haya, alikuwa vijijini na baiskeli yake wiki nyingi kuliko alizokuwa nyumbani, na bibi hakutaka kumwongezea mawazo.

Kilichonibadilisha hakikuwa fundo la bibi. Jumapili moja, nikiwa nimekaa vizuri kama nilivyoambiwa, niliangalia mikono ya mama. Alitua ndoo kwa mkono wa kulia, akajifuta jasho kwa wa kulia, kikombe akakishika kwa wa kulia. Wa kushoto ulining'inia tu, wa heshima, hauna kazi. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kumbe muda wote huo mama alikuwa akinionyesha. Kuanzia siku hiyo bibi hakuhitaji kanga tena. Nilijifunza mwenyewe, kwa machozi, nikimwaga uji na kuandika herufi zilizolala chali, mpaka mkono wa kulia ukakubali. Mwalimu wa darasa la kwanza alinisifu kwa mwandiko. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba habari zitamfikia.

Kisha taa ya mashine ikafa. Ilikuwa mama ametoka kisimani, ndoo iko kichwani, ikasikika sauti ndogo kama punje ya mahindi ikipasuka kwenye kikaango, na shuka likawa shuka. Watu walisubiri. Baba alifungua mashine akaungua vidole. Mwisho akina mama walishusha mablanketi yao, jua likaingia, na tukaonana sote tukikunja macho. Mama hakuitua ile ndoo. Nilikwenda nyumbani nikiiwaza shingo yake.

Globu ile ilitafutwa Arusha, ikaombwa Dar es Salaam, barua zikajibiwa kwamba mashine za namna hiyo hazitengenezewi vipuri tena. Baba alilisema hilo mezani kwa utulivu, kama mtu anayesema mvua zimechelewa. Mjini ikafika video. Vibanda vikafunguliwa karibu na stendi, watu wakaangalia ngumi na mateke, na vijana walioitazama filamu ya visima utotoni mwao wakawa wanaicheka. Idara ikampa baba mabango ya karatasi. Stoo iliposafishwa mashine ilikwenda kwa wauza vyuma chakavu, na mkebe wa filamu ulikuwa uende kwenye moto, ila baba aliuokota akaufunga nyuma ya baiskeli, akaniletea.

"Mtunzie," aliniambia.

Niliuweka chini ya kitanda. Kwa muda ilikuwa furaha tupu, mama amerudi kuishi nyumbani. Nilimsalimia asubuhi, shikamoo mama, kabla ya kumsalimia bibi. Halafu harufu ikaanza. Mwanzo ilikuwa hafifu, kama chungwa lililosahaulika. Msimu uliofuata ilikuwa siki kabisa, ya kuchoma macho, na bibi akazunguka nyumba nzima akitafuta kilichooza. Nilijua nini kimeoza. Nilifungua mfuniko, nikashika mwanzo wa ule mkanda, nikauvuta mpaka dirishani. Ulikuwa umejikunja na kunata. Kwenye mwanga niliona vipicha vidogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, barabara, barabara, barabara tena, kisha kisima. Nilivuta zaidi. Kuanzia pale mkanda ulikuwa umeganda, mduara wote umeshikana kuwa kitu kimoja, na mama alikuwa ndani zaidi, katikati. Niliposhinikiza ukakatika vipande mkononi. Nikafunga mfuniko, nikakalia mkebe, nikalia kwa namna ambayo sikulia alipokufa. Msiba wangu wa kweli ni huo.

Nimesimulia hivi ili mtu aelewe kwa nini mwanamke mzima, mwenye mgahawa na leseni ya biashara, alibeba mkebe unaonuka ndani ya basi mpaka Arusha. Nilikuwa nimeshaolewa. Nilimpelekea kijana mmoja anayehamisha video za harusi kuziweka kwenye diski, naye aliufungua akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama, hii mashine yake ilikufa kabla mimi sijazaliwa," akasema. "Na hata ingekuwepo, huu si mkanda tena. Huu ni achari."

Baadaye nilisikia kwa shemeji yangu aliyesoma nje kwamba nakala nyingine ipo, katika maktaba moja huko Ulaya, imetunzwa kwenye chumba cha baridi. Aliitambua kwa namba iliyogongwa kwenye mfuniko wa mkebe wangu. Lakini filamu ina mwenyewe, akanieleza. Haki zake bado ziko hai. Ukitaka kuiona unakwenda kule kule, unakaa kwenye chumba chao, au unamwomba mwenye haki ruhusa ya nakala, na mwenye haki ni kampuni iliyomezwa na kampuni nyingine, na hiyo nyingine haijibu barua. Nikamuuliza, "Mwenyewe kwani ni nani kama si sisi? Mama yangu yumo humo!" Akacheka, akidhani natania. Akasema nivute subira, sheria inahesabu miaka, ikitimia haki hufa na kazi inakuwa ya watu wote.

Nilivuta subira. Nilizaa, nikamzika bibi, nikapanua mgahawa, baba akastaafu. Mara nyingine nilimwota mama bado amebeba ile ndoo.

Mwaka huu Glory alikuja likizo kutoka chuoni Dodoma. Asubuhi moja nilikuwa nakata vitunguu, naye amekaa kwenye kreti la soda na simu yake, akapiga ukelele uliomfanya mteja amwage chai. Maktaba ile imeachia filamu zake za zamani, zile ambazo miaka yake imekwisha, kila mtu anaweza kuziangalia popote alipo. Ameandika namba ya mkebe, imekuja.

"Mama, ni ya wote sasa! Hakuna wa kumwomba ruhusa!"

Niliangusha kisu. Nilimkumbatia na mikono yenye vitunguu, nikaimba, nikamwambia yule mteja chai yake ni bure, na andazi pia. Glory akaendelea kusoma maelezo, polepole, akitafsiri.

"Wanasema imekuwa huru kwa sababu ni ya zamani sana. Ilipigwa kabla ya Uhuru. Tena si hapa, mama. Ni nchi nyingine, kule Afrika ya Magharibi."

Akaishusha simu. Yeye hodari wa hesabu. Mimi nilichelewa kidogo, nikiwa bado nacheka.

Mama alizaliwa Uhuru ukiwa umeshapatikana. Mwaka wake umeandikwa kwenye msalaba wa saruji, nao nausugua kwa brashi kila mwisho wa mwaka. Miaka yote hiyo nilikuwa na namba zote mbili mikononi, uzee wa ile filamu na ujana wa mama yangu, na sikuwahi kuziweka pamoja. Mtu anaweza kupiga hesabu ya gunia la viazi mpaka shilingi ya mwisho na bado akawa na kona moja ambayo hapeleki taa.

Niliiangalia peke yangu stoo, kati ya magunia. Filamu ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuiona, hata majani ya kando ya njia yalihesabika. Ilikuwa na sauti, Mzungu akisema Kiingereza cha kujisikia. Mnene wa Sigino alichimba choo chake. Mjinga wa Singe akacheka. Akaja mwanamke na ndoo, akaitua hatimaye, akajifuta jasho, akanywesha mtoto wake, akatutazama, akacheka. Mtoto wake. Kwa mara ya kwanza nilimwangalia yule mtoto bila chuki. Kama yupo hai sasa ni mzee, mahali fulani, na huenda hajawahi kuambiwa kwamba mama yake alinilea.

Mchana ule ule nilipanda bodaboda mpaka Maisaka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mama Glory. Mbona mchana? Mgahawani umemwacha nani?"

"Glory yupo."

Baba siku hizi anakaa mlangoni na redio yake. Bado anachemsha maji ya kunywa, bado anafunika ndoo kwa sahani. Nilipanga maneno njia nzima, makali yote, lakini nilipofika nilimshikisha simu tu. Aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Yule Mzungu alipoanza kuongea alishtuka.

"Kumbe alikuwa na sauti? Anasema nini huyu?"

"Anasema watu hawa ni wavivu lakini wanafundishika."

"Mzime."

Nikazima sauti. Picha zikatembea kimya kama zamani, na baba, bila kukusudia nadhani, akaanza. "Huyu ni wa Sigino. Amechoka kuugua." Alitabasamu. Ng'ombe akakatiza. "Yule dume..." Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kizee, lakini mahali pote alipafikia kwa wakati. Kisha mwanamke akatokea njiani na ndoo yake, na baba akanyamaza.

"Baba, huyu ni nani?"

Baba alimfuata kwa macho mpaka mwanamke alipoitua ndoo.

"Simjui," akasema. "Sijawahi kumjua."

"Ulisema ni mama. Kwenye kipaza sauti. Mbele ya watu."

"Sikusema mimi." Alinigeukia. "Ulisema wewe. Ulisimama kwenye mkeka, mdogo hivi, ukaonyesha kidole, ukasema, mama huyo. Ukumbi mzima ukaniangalia mimi. Ulitaka niseme nini, Vero? Niseme hapana? Nikasema, ndiyo, huyu ni Mama Veronika."

Nilikasirika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, sikuguswa, sikuhurumia, nilikasirika. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia nilipokuwa na akili, nilipoolewa, nilipobeba mkebe ule mpaka Arusha nikachekwa. Alisema kila mwaka alikusudia. Alisema nilikuwa nikimzungumzia mama kwa furaha, na kila alipofungua mdomo aliona kama anamzika mara ya pili.

"Basi niambie sasa," nikasema. "Alikuwaje? Uso wake."

Picha ilikuwa imefika kwenye kicheko, na simu ikabaki hapo, nilikuwa nimeisimamisha kwa kidole. Baba alifumba macho. Pikipiki ilipita barabarani, nyingine ikapita. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Haji," akasema. "Nikimtafuta, anakuja huyu. Nilimsema huyu miaka mingi mno, kila mwezi, huyu ni Mama Veronika, huyu ni Mama Veronika. Sasa yule haji tena. Anakuja huyu na ndoo yake."

Hasira iliniisha yote kwa mkupuo, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Nilikuwa nimekuja kumdai mama yangu, na yeye alikuwa amempoteza kabla yangu, katika ukumbi ule ule, akinitunzia mimi.

"Nipe kitu kimoja," nikamwomba. "Kimoja tu ambacho huyu hana."

Alichukua simu, akanionyesha nimrudishie nyuma. Mwanamke akaja tena kutoka kisimani. Baba alimtazama kwa makini, kama fundi cherehani anayetafuta kosa kwenye mshono. Mwanamke akajifuta jasho.

"Mkono," akasema ghafla. Uso wake ukafunguka. "Huo mkono sio! Mama yako alikuwa wa kushoto. Ugali alisonga kwa kushoto, aliandika kwa kushoto, hata salamu alikuwa akikosea. Bibi yako kila alipokuja kututembelea alimsumbua sana kwa ajili ya mkono ule, mpaka siku ya mwisho." Alikuwa akicheka sasa, peke yake, akimwona. "Alikuwa akifagia uani, fagio linakwenda upande ule ambao hakuna mwingine anafagia. Ukiangalia mchanga unajua ni yeye amefagia. Wewe hapo hukumfuata. Wewe ulikuwa wa kulia."

Sikumwambia. Angeishi vipi na hilo kwa siku zake zilizobaki?

Alinyanyuka, bado anacheka, akamimina chai kwenye kikombe cha bati na kuja kunipa, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine umeshika kiwiko, kama anavyowapa wageni. Nikanyoosha mkono wa kushoto. Ulikuwa mzito na mjinga, vidole havikujua pa kushika, chai ikamwagika kidogo kwenye kiganja changu na ikachoma. Hapa kwetu mtu hapokei kitu cha baba yake kwa mkono huo. Baba aliutazama, akanitazama mimi usoni, na kicheko chake kikakoma polepole. Kisha akakiachia kikombe mkononi mwangu.